Masisi na Walikale: Kompyuta haifundishwi kwa chaki

MASISI / WALIKALE – Katika shule nyingi za sekondari za Masisi na Walikale, somo la kompyuta hufanyika hivi. Mwalimu anaingia darasani na chaki mkononi. Anachora mstatili mkubwa ubaoni: hicho ndicho kioo. Chini yake anachora mwingine wenye vidirisha vidogo vingi: hiyo ndiyo klaviye. Kando anachora kitu kama yai lenye mkia: hicho ndicho kipanya. Wanafunzi wanakopi kwenye daftari. Siku ya mtihani wanaulizwa sehemu za kompyuta, wanazitaja zote, wanapata alama nzuri. Miaka inapita, wanapata diploma. Halafu siku moja wanafika mbele ya mashini yenyewe, na hawajui kitufe cha kuiwasha kiko wapi.

Mtoto huyo asichekwe. Amesoma alichofundishwa. Mwalimu wake naye asichekwe, kwani wengi wao walifundishwa kwa chaki vilevile. Wa kuulizwa ni wale wenye uwezo wa kubadili jambo hili na hawabadili: wakubwa wa shule, wakubwa wa mashirika, serikali, na wote ambao wana mashini ndani ya ofisi zao na wanazifunga kwa ufunguo.

Hakuna mama wa Nyabiondo aliyejifunza kupika sombe kwa kuchorewa sufuria. Hakuna motari wa Mubi aliyejifunza kuendesha pikipiki kwa kukopi picha ya usukani. Kompyuta ni kazi ya mikono. Asiyeigusa haijui, hata akiwa na daftari lililojaa. Huo ndio ukweli, na ndio mashirika na wakubwa wanaoukimbia.

Mashini zipo, ila zimelala

Watu husema Masisi na Walikale hakuna kompyuta. Si kweli kabisa. Zinafika. Nyingine zinaletwa na miradi ya mashirika kwa ajili ya shule, vituo vya afya au vikundi vya vijana. Nyingine ni za okazio, zinatoka Dubai na Kampala, zinapita Goma na kupanda mlima juu ya pikipiki. Nyingine zimenunuliwa na mtoto wa familia anayefanya kazi mjini, akaona amsaidie mdogo wake.

Siku ya kupokea mashini za mradi huwa sikukuu. Wakubwa wanakuja, hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, boksi zinafunguliwa mbele ya watu wote. Jioni boksi zinaingia kabatini kwa direkta au kwa prefe. Ufunguo ni mmoja, na mwenye ufunguo yuko safarini. Mwalimu akiomba, anaambiwa mashini ni mali ya mradi, isije ikaharibika. Mwanafunzi hathubutu hata kuomba. Mwaka unapita. Bateri iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa inakufa kabisa. Siku shirika linaporudi kukagua, mashini zinatolewa zikiwa safi, hazina hata mkwaruzo, na ripoti inaandikwa kwamba zimetunzwa vizuri.

Kutunza namna hiyo ni kuzika. Mashini ya shule ambayo klaviye yake haijafutika hata herufi moja baada ya miaka miwili ni ushahidi wa wizi. Hakuna aliyeibeba kwenda sokoni, lakini masaa ya wanafunzi yameibwa.

Wanaofunga mashini wana sababu yao moja: anayeanza ataiharibu. Hapo wafahamishwe. Anayeanza hawezi kuharibu kompyuta kwa kubonyeza kitufe kibaya. Akifuta neno, mashini inaweza kulirudisha. Akifungua asipopaswa, anafunga. Vitu vinavyoharibu mashini huku milimani vinajulikana: maji, vumbi, kuanguka, umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, flashi iliyojaa virusi, na safari ya pikipiki mashini ikiwa bado inafanya kazi ndani ya begi. Vyote hivyo vinaweza kuzuiwa kwa kufundisha. Havizuiwi kwa kufuli.

Mashini inayokataa kuanza

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mjini hawamwambii mteja wa Masisi au wa Walikale, na linawaumiza wengi.

Kompyuta mpya ya siku hizi yenye Windows 11 ya nyumbani, ikiwashwa mara ya kwanza, inauliza lugha, inauliza nchi, kisha inaomba intaneti. Haiombi kwa adabu. Inasimama pale. Bila intaneti na bila akaunti ya Microsoft, mtu wa kawaida hawezi kuendelea mbele. Waliotengeneza utaratibu huo walifikiri kila nyumba duniani ina mtandao ukutani. Hawakufikiria Ntoto wala Pinga, mahali ambapo mtu anapanda kilima kutafuta mtandao wa kupiga simu tu.

Basi kijana amekusanya dola kwa muda mrefu, ananunua mashini mpya Goma, anaibeba imefungwa vizuri na plastiki yake, kwani anataka kuifungua mbele ya familia. Anafika kijijini, anaifungua, anaiwasha, na mashini inamwambia aunganishe intaneti. Familia inamtazama. Anasema mashini ni mbovu. Si mbovu. Ameuziwa kitu kisichokamilika, na muuzaji alijua.

Kwa hiyo anayenunua asitoke dukani kabla mashini haijawashwa na kumaliza matayarisho yake yote kwa mtandao wa pale dukani. Akaunti iwe ya jina lake, si ya muuzaji. Neno la siri aliandike kwenye karatasi na kulitunza mbali na mashini. Muuzaji akikataa kutoa hata nusu saa kwa ajili ya hilo, mteja aondoke na dola zake.

Kwa mashini za okazio kuna mtego mwingine. Kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashini zenye Windows hiyo hazijafa, zinaandika na kuhesabu kama jana, lakini hazipati tena masasisho mapya ya usalama ya Windows bila kujiandikisha kwa utaratibu wa pekee. Nyingi kati ya hizo, kwa kuwa ni za zamani, haziwezi kupokea Windows 11. Huko Ulaya na Marekani ofisi zinazitupa, na zinakuja huku. Si vibaya kuzinunua, ila zinunuliwe kwa bei ya kitu kilichotupwa, na mnunuzi aambiwe ukweli. Mashini kama hizo zinaweza kuwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure, inaingizwa kwa flashi, na haimlazimishi mtu kuwa na intaneti wala akaunti ndipo aanze. Kwa kuandika barua na kupanga hesabu, kuna LibreOffice, nayo ya bure. Hakuna sababu ya mwalimu wa Kitchanga kulipia Word ya wizi iliyojaa virusi.

Mambo mengine ya kuangalia dukani ni mepesi. Mashini iwashwe bila chaja, ionekane kama bateri inashika. Isiwe na jina la kampuni au shirika fulani linalotokea kila inapowaka, kwani mwenyewe anaweza kuifunga akiwa mbali. Klaviye iangaliwe: zinazotoka Kampala na Dubai nyingi zinaanza na herufi QWERTY, wakati watu wa Kongo wamezoea AZERTY ya Kifaransa. Kwa Kiswahili hakuna shida yoyote, kwani Kiswahili hakina herufi za kofia na mikia. Kwa Kifaransa mtu atahangaika, na ni vizuri ajue mapema kwamba anaweza kubadili mpangilio ndani ya mashini, hata kama herufi zilizochorwa juu hazibadiliki.

Umeme: hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Sababu ya pili inayotolewa ni umeme. Hapa wanasema kweli nusu. Sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina umeme wa taifa. Walikale peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 23,000, ndiyo kubwa kupita zote jimboni Kivu ya Kaskazini, na mtu anaweza kutembea siku nyingi bila kuona waya.

Ila hesabu ifanyike. Chaja ya kompyuta ya kubeba huandikwa wati 45 au 65. Kazi ya kuandika tu inakula chini ya hapo, karibu wati 20 hadi 30. Masaa manne ya kazi kwa wati 30 ni wati-saa 120. Pano moja ya jua ya wati 100, ikipata masaa manne ya jua zuri, na baada ya kutoa kinachopotea njiani, inaweza kutoa karibu wati-saa 300. Maana yake pano moja na bateri yake vinaweza kulisha mashini mbili, kila moja masaa manne kwa siku. Hayo ni masaa manane. Kila mwanafunzi akipewa nusu saa, ni wanafunzi 16 kwa siku. Kwa siku tano za shule, ni wanafunzi 80.

Siku za mvua na ukungu, ambazo Masisi inazijua vizuri, hesabu inashuka. Hata ikishuka nusu, wanafunzi 40 wanagusa mashini kila juma. Hilo ni darasa zima. Na pano za namna hiyo tayari ziko juu ya paa za maduka ya kuchaji simu katika kila soko, kutoka Mweso mpaka Ndjingala. Mwenye duka la kuchaji simu ameweza. Kwa nini mradi wenye wafadhili na magari manne ushindwe kununua pano pamoja na mashini? Anayeleta kompyuta bila kuleta njia ya kuilisha ni sawa na anayeleta ng'ombe wa maziwa mahali pasipo na majani, kisha anapiga picha na ng'ombe.

Lugha ya kufunga mlango

Kuna kufuli la tatu, na hili halionekani. Mafunzo mengi yanayotolewa, hata yale ya mashirika, yanaanza kwa Kifaransa kigumu. Siku ya kwanza ni historia ya kompyuta. Siku ya pili ni maana ya "système d'exploitation". Siku ya tatu nusu ya wanafunzi hawarudi, na mfundishaji anasema vijana wa kijijini hawana hamu.

Hamu wanayo. Wamechoka kusikiliza wasichoelewa. Kiswahili kina maneno ya kazi hii tangu zamani. Mwaka 2004, huko Dar es Salaam, mradi wa Kilinux pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Katika orodha ya lugha za Windows, Kiswahili kimo. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado kuna wafundishaji wanaoona aibu kusema "hifadhi" na kufurahia kusema "enregistrer" mbele ya mtu aliyekimbia vita akiwa darasa la sita.

Hakuna anayesema Kifaransa kitupwe. Mashini nyingi zitabaki kwa Kifaransa, na mwanafunzi atazoea maneno yake kadiri anavyoyaona kila siku. Ila maelezo yatolewe kwa lugha inayoeleweka, iwe Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au Kikumu. Anayefundisha kwa lugha isiyoeleweka anafundisha ukubwa wake mwenyewe.

Siku za kwanza zifanyike namna hii

Kwa anayeanza, njia si ndefu. Siku ya kwanza ajue kuwasha na kuzima. Kuzima ni kwa kupitia kioo, kwa kuchagua kuzima. Kufunga kifuniko tu hakutoshi, kwani mashini huwa inalala bila kuzimika, na ikiwa ndani ya begi juu ya pikipiki kutoka Sake mpaka Masisi-centre, inapata joto, na zile za zamani zenye diski inayozunguka zinaumia kwa mitikisiko ya barabara. Motari hana kosa. Mashini ilipaswa kuzimwa kabisa.

Siku ya pili ashike klaviye. Kwenye herufi F na J kuna vijialama vidogo vinavyosikika kwa kidole. Hapo ndipo vidole vya kwanza vya mikono miwili hukaa, hata gizani. Aandike jina lake, jina la mama yake, jina la kijiji chake. Akosee, afute, aandike tena. Asiambiwe haraka.

Siku ya tatu ajue kuhifadhi. Hili ndilo somo kubwa kupita yote, na ndilo linaloachwa mwisho. Alichoandika kiwe faili lenye jina linaloeleweka, si "document1". Faili liwekwe ndani ya dosie yake, kama daftari linavyowekwa ndani ya sanduku. Azime mashini, aiwashe tena, atafute faili lake, alipate. Siku mtu anapopata kitu alichokiandika jana, hofu inatoka. Vitufe viwili vya Ctrl na S kwa pamoja vinahifadhi, Ctrl na Z vinarudisha kilichoharibika. Kwa hivyo viwili tu anaweza kufanya kazi juma zima bila kulia.

Siku ya nne ajue flashi: kunakili faili, kuitoa flashi kwa taratibu, na kutoiingiza flashi ya kila mtu ndani ya mashini yake. Siku ya tano, kama kuna mtandao, aonywe kuhusu mega. Mashini ikipata intaneti ya simu inaanza kujipakulia mambo yake mazito, na kifurushi cha juma kinaisha kabla chai haijapoa. Katika mipangilio ya mtandao kuna mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kupimwa. Paguswe mapema.

Na pasipo na intaneti, masomo hayafi. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ndani ya mashini, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, ikasomwa bila mtandao. Kolibri nayo ilitengenezwa kwa shule zisizo na intaneti, ina masomo ya hesabu na sayansi. Vyote ni vya bure. Mtu mmoja anavichukua mjini kwa flashi au diski, anavipeleka, na kijiji kizima kinasoma. Hapo hakuna kinachosubiri mfadhili.

"Watu wana njaa, kompyuta ya nini?"

Jibu hili hutolewa kila mara jambo hili linapotajwa. Linasemwa na watu wazima wenye akili, na linastahili kujibiwa.

Ni kweli, kuna vita. Rubaya, Kitchanga, Masisi-centre, Walikale-centre, majina haya yote yametangazwa katika habari za mapigano. Wahami wanalala chini ya shiti. Wanahitaji unga, dawa na usalama kwanza.

Lakini unga huo unafika kwa orodha. Orodha inaandikwa na kompyuta. Orodha ikiandikwa mbali, na mtu asiyejua tofauti kati ya majina mawili yanayofanana, herufi moja inakosewa, na mama anasimama toka asubuhi mpaka jioni, kisha anaambiwa jina lake halimo. Kama kijana wa kambi ile ile angekuwa na mashini na kujua kuitumia, jina lingeandikwa vizuri mbele ya mama mwenyewe, na likikosewa lingesahihishwa pale pale. Asiyejua kompyuta hawezi hata kubisha orodha aliyoandikiwa na wengine.

Vivyo hivyo kwa afya. Maeneo ya afya ya Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi, na yale ya Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, yote yanatuma ripoti zao juu katika mfumo wa kompyuta. Muuguzi wa kituo cha mbali anaandika kwa kalamu, karatasi inasafiri, mwingine anaiingiza. Karatasi ikinyeshewa njiani, surua ya kijiji hicho haikuwepo.

Vivyo hivyo kwa shule. Vikundi vyenye silaha vinapoingia shuleni, madawati yanakuwa kuni na palmarès zinawasha moto. Mwanafunzi aliyemaliza miaka iliyopita anatafuta ushuhuda wa masomo yake, hakuna. Palmarès ya shule nzima inaenea ndani ya flashi ndogo kuliko kidole. Flashi tatu, mahali patatu, na hakuna moto unaoweza kufuta miaka ya watoto. Kazi ya kuandika majina hayo ingefaa kuwa zoezi la kwanza la wanafunzi wenyewe. Wangejifunza kuandika, na shule ingeokoka.

Wengine wanasema simu inatosha. Simu ni nzuri kwa kusoma na kujibu. Kuandika ripoti ya kurasa kumi, kupanga hesabu za ushirika wa wafugaji wanaouza jibini la Masisi, kuandika mradi na kuutetea, hiyo ni kazi ya klaviye. Leo mwenye haja hiyo anakwenda kwenye sekretaria, zile nyumba ndogo zenye kibao cha "Saisie, Impression, Photocopie". Analipa kwa ukurasa, analipa tena kwa kila sahihisho, na siri zake zinabaki ndani ya mashini ya mtu mwingine. Wenye sekretaria wanafanya kazi halali na inafaa. Ila eneo zima lisiwe mteja wa vijana watatu wanaojua kuandika.

Na wasichana wasisahauliwe. Mashini moja ikiwekwa mbele ya wanafunzi kumi, wavulana wanne wanaizunguka na wasichana wanasimama nyuma. Mfundishaji asiyepanga zamu kwa saa na kwa majina amechagua wavulana, hata kama hakusema.

Madini yanakwenda, mashini hazirudi

Kuna jambo moja linalofanya hali hii iwe chungu zaidi. Ndani ya kila kompyuta kuna vipande vidogo vya kushika umeme, na baadhi ya vipande vya namna hiyo hutengenezwa kwa tantali, inayotoka kwenye koltani. Ripoti zinazonukuu Umoja wa Mataifa husema Rubaya, wilayani Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Vipande hivyo vinaunganishwa kwa bati, linalotoka kwenye kasiteriti. Mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024.

Masisi na Walikale ziko ndani ya kompyuta za dunia nzima. Mtoto wa Ulaya anafungua mashini yake asubuhi na kugusa jasho la mchimbaji wa Rubaya bila kujua. Mtoto wa mchimbaji huyo anachorewa mashini hiyo kwa chaki. Mwaka 2019 serikali ya Kinshasa ilitayarisha Mpango wa Taifa wa Dijitali na kuuita Horizon 2025. Mwaka 2025 umepita. Mwaka 2023 ikaja sheria kubwa ya mambo ya dijitali. Karatasi zipo. Anayeanza bado anatafuta kitufe.

Kinachopaswa kufanyika

Mashirika yaache kuhesabu mashini zilizotolewa na yaanze kuhesabu masaa ambayo wanafunzi wamezigusa. Ripoti ya mradi iseme: mashini kumi, masaa mangapi, mikono ya akina nani, wasichana wangapi. Mashini isipelekwe bila pano, bila bateri, bila mtu wa kufundisha kwa lugha ya pale, na bila kuwa imemaliza matayarisho yake ya kwanza mjini.

Wakubwa wa shule watoe ufunguo. Daftari la zamu libandikwe ukutani, wazazi walione. Kamati ya wazazi ina haki ya kuuliza mashini za watoto ziko wapi, na ikiuliza isiambiwe ni mambo ya ofisi.

Makampuni ya madini, wanunuzi wake, na wote wanaokusanya kodi juu ya koltani na kasiteriti, wa upande huu na wa upande ule, wanajua magunia yanapita na kiasi gani kinabaki mikononi mwao. Darasa moja lenye mashini mbili na pano moja ni kitu kidogo kwao. Waambiwe hivyo mbele ya watu.

Vijana waliojua tayari wasiuze ujuzi wao kwa brevet za miezi mitatu ambazo mwanafunzi anazipata bila kuwa ameandika barua moja peke yake. Mwenye mashini amfundishe mmoja, huyo amfundishe mwingine.

Na yule anayeanza asione haya. Kuuliza si ujinga. Aombe mashini, aiwashe, aandike jina la mama yake, alihifadhi. Kesho yake alitafute. Akilikuta pale, atakuwa amejifunza kitu ambacho chaki haikuweza kumfundisha kwa miaka sita.